DAMU YA MAMA MZAZI IPIMWE, ISIKISIWE

Ni mwezi wa pili. Mvua imenyesha usiku kucha. Korongo lililo kati ya kijiji na barabara limejaa maji. Ndani ya nyumba moja ya tembe, mama amejifungua mtoto wa kike. Mtoto amelia vizuri. Kondo la nyuma limetoka. Wanawake waliomo ndani wanapiga vigelegele, na baba aliye nje anacheka peke yake.

Lakini damu haikomi.

"Hiyo ni damu chafu, iacheni itoke," anasema bibi mmoja. Shangazi anachukua khanga, anafuta, anaitupa pembeni. Anachukua khanga ya pili. Sakafu ni ya udongo, nayo inakunywa damu kama inavyokunywa maji. Hakuna anayejua ni damu kiasi gani iliyokwisha kutoka.

Baada ya muda mama anasema ana kiu. Kisha anasema anasikia baridi. Jasho linamtoka usoni. Macho yake yanalegea. Sasa ndipo baba anaitwa. Sasa ndipo watu wanaanza kuulizana: Nani ana pikipiki? Nani ana fedha? Korongo tutalivuka vipi?

Nyumba hii ni ya mfano. Si ya mtu fulani. Lakini wasomaji wengi wa Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa watasema kwamba nyumba kama hii wanaijua.

Watu wa nyumba hii wanampenda mama huyu. Hawakukosa upendo. Walikosa mambo mawili. La kwanza, walikosa kipimo. La pili, walikosa maandalizi. Makala haya yanaeleza yale ambayo wataalamu wamechunguza kuhusu mambo hayo mawili, hapa nchini kwetu na katika nchi nyingine.

KWA NINI DAMU HUTOKA?

Mtoto akiwa tumboni hupata chakula na hewa kutoka kwa mama yake kwa njia ya kondo la nyuma. Kondo hilo limeshikamana na ukuta wa mji wa mimba. Mimba inapotimia miezi tisa, damu inayopita katika mji wa mimba kila dakika ni nusu lita au zaidi. Nusu lita ni sawa na chupa ndogo ya maji ya kunywa.

Mtoto akizaliwa, kondo hubanduka. Mahali lilipokuwa hubaki mishipa ya damu iliyo wazi. Je, mishipa hiyo hufungwa na nini? Hufungwa na mji wa mimba wenyewe. Nyama zake hukaza na kuibana mishipa, kama mtu anavyobana mpira wa maji kwa vidole. Ndiyo maana mama aliyejifungua salama huwa na kitu kigumu cha mviringo chini ya kitovu. Huo ni mji wa mimba uliokaza.

Mji wa mimba usipokaza hubaki laini kama mfuko mtupu. Mishipa hubaki wazi. Damu hutoka. Hii ndiyo sababu kubwa ya akina mama kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Sababu nyingine ni kipande cha kondo kubaki ndani, au njia ya uzazi kuchanika, au damu kukataa kuganda.

Watu wengine husema, "Mimi nimezaa mara tano salama, najua uzazi." Ni kweli anajua. Lakini aliyezaa salama mara tano anaweza kutokwa na damu mara ya sita. Na msichana mwenye afya njema, asiye na dalili yoyote mbaya, naye anaweza kutokwa na damu. Hakuna mtu awezaye kutazama tumbo na kusema kwa hakika, "Huyu hatatokwa." Kwa hiyo kila mimba iandaliwe.

Damu ikitoka kwa nguvu, mama anaweza kufa katika muda wa saa mbili tu tangu ianze. Saa mbili ni muda mfupi. Katika vijiji vyetu vingi, mtu anayetembea kwa miguu kwa muda huo hajafika hospitali.

MACHO HUDANGANYA

Wataalamu wa afya wamekubaliana kwamba mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida akitokwa na nusu lita ya damu au zaidi, hiyo ni damu nyingi. Lakini nani aliyepata kuiona nusu lita ya damu katika chupa? Damu ya uzazi haiingii katika chupa. Hulowa godoro. Hulowa nguo. Huchanganyika na maji. Humezwa na udongo.

Kwa sababu hiyo watu hukisia. Na wanaokisia kwa macho mara nyingi hukisia kidogo kuliko ilivyo kweli. Si bibi wa kijijini peke yake anayekosea. Hata wauguzi na madaktari waliosoma hukosea wakikisia kwa macho. Jambo hili limechunguzwa mara nyingi, na jibu ni lile lile: macho hudanganya.

Tatizo basi lilikuwa hili: mtu apime namna gani damu iliyomwagika chini, tena mahali pasipo na kipimo?

KHANGA ZA KIGOMA

Jibu moja lilipatikana hapa hapa nchini. Ukipanda treni ya Reli ya Kati pale Dodoma ukaelekea magharibi, utapita Tabora, na mwisho wa reli utafika Kigoma. Huko Kigoma alifanya kazi Dakta Godfrey Mbaruku, bingwa wa magonjwa ya akina mama.

Katika miaka ya 1980 vifo vya akina mama wazazi katika hospitali ya mkoa wa Kigoma vilikuwa vingi mno. Mwaka 1984 vilikuwa 933 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Dakta Mbaruku na wenzake hawakungoja fedha nyingi kutoka mbali. Walichunguza vifo vilivyotokea na kuuliza, "Huyu alikufa kwa nini?" Kisha wakarekebisha kasoro walizoziona, kwa kutumia vitu vilivyopatikana pale pale mkoani. Kufika mwaka 1991 vifo vilishuka hadi 186.

Lakini akina mama wengi walikuwa bado wanajifungulia nyumbani, mikononi mwa wakunga wa jadi. Wakunga hao wengi hawakuwa na chombo cha kupimia. Ndipo Dakta Mbaruku na watafiti kutoka Chuo Kikuu cha California, akiwemo Dakta Ndola Prata, walipoangalia kile ambacho kila mkunga alikuwa nacho. Waliona khanga.

Wakunga wa Kigoma walikuwa wakitandika khanga chini ya mama. Watafiti wakapima: khanga moja ya huko ikilowa damu kabisa, imenywa kama robo lita. Khanga mbili zikilowa kabisa, ni nusu lita. Na sisi sote tunajua kwamba khanga mbili ni doti moja. Basi mkunga asiyejua kusoma hata herufi moja akapata kipimo: doti nzima ikilowa, mama yuko hatarini.

Matokeo ya kazi hiyo yalitangazwa mwaka 2005. Katika eneo moja wakunga walifundishwa kupima kwa khanga, na walipewa vidonge vya misoprosto vya kukaza mji wa mimba ili wavitumie damu ikizidi. Katika eneo jingine walifundishwa kupima kwa khanga na kumpeleka mama hospitali. Kati ya kila akina mama 100 waliotokwa na damu nyingi, wale waliohitaji kupelekwa hospitali walikuwa chini ya 2 katika eneo lenye vidonge. Katika eneo la pili walikuwa 19.

Hapa pana onyo. Vidonge hivyo si vya kununua dukani na kumeza ovyo. Vikitumiwa kabla mtoto hajazaliwa vinaweza kupasua mji wa mimba na kumwua mama pamoja na mtoto. Ni dawa ya mtu aliyefundishwa.

Na khanga zote si sawa. Nyepesi hunywa kidogo, nzito hunywa zaidi. Kwa hiyo nyumbani usingoje doti nzima ilowe. Khanga moja ikilowa na damu ingali inatoka, safari ya kwenda kwa mtaalamu iwe imekwisha kuanza. Dakta Mbaruku alifariki mwaka 2018, lakini fundisho hilo la khanga linabaki kwetu.

MFUKO WENYE MISTARI

Siku hizi kuna chombo cha kupimia damu hospitalini. Ni mfuko wa plastiki wenye mistari ya kipimo. Muuguzi huutandika chini ya makalio ya mama mara tu mtoto anapozaliwa. Damu yote huingia humo. Muuguzi husoma mstari kama muuza mafuta anavyosoma kipimo chake. Hakisii.

Mfuko huo ulijaribiwa katika utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi nne: Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Hospitali zilizoshiriki zilikuwa 80, na akina mama walikuwa zaidi ya 210,000. Matokeo yalitangazwa mwezi wa tano mwaka 2023.

Hospitali ziligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliendelea na kazi kama kawaida. Kundi la pili lilitumia mfuko wenye mistari, na wauguzi walifundishwa kufanya mambo matano kwa pamoja mara damu inapozidi. Mambo hayo ni kusugua tumbo ili mji wa mimba ukaze, kutoa dawa ya kukaza mji wa mimba, kutoa dawa ya kuzuia damu, kuweka dripu, na kumchunguza mama kama amechanika au kama kuna kitu kimebaki ndani. Hawakungoja jambo moja lishindwe ndipo wajaribu jingine. Walifanya yote mara moja.

Sasa tazama hesabu. Katika hospitali za kawaida, kati ya akina mama 100 waliotokwa na damu nyingi, wauguzi waliwatambua 51 tu. Karibu nusu yao walipita bila kutambuliwa, ingawa walikuwa hospitalini. Katika hospitali zenye mfuko walitambuliwa 93.

Tazama na hesabu ya pili. Katika hospitali za kawaida, kati ya akina mama 1,000 waliojifungua, 43 walipatwa na madhara makubwa: walitokwa na lita nzima ya damu au zaidi, au walipasuliwa kwa sababu ya damu, au walikufa kwa damu. Katika hospitali zenye mfuko walikuwa 16.

Dawa zilizotumika hazikuwa ngeni. Kilichobadilika ni kupima na kufanya haraka. Khanga za Kigoma na mfuko wenye mistari vinafundisha somo moja.

DAWA YA KUZUIA DAMU

Ile dawa ya kuzuia damu iliyotajwa hapo juu ina historia yake. Ilivumbuliwa na mume na mke wa Japani, Shosuke na Utako Okamoto, na habari zake ziliandikwa mwaka 1962. Kazi yake ni kuimarisha damu iliyoganda ili isiyeyuke tena. Kwa miaka mingi haikujulikana kama inafaa kwa akina mama wazazi.

Mwaka 2017 jibu lilitolewa. Akina mama 20,060 waliotokwa na damu katika nchi 21, Tanzania ikiwemo, walishiriki katika utafiti. Dawa ilipotolewa ndani ya saa tatu tangu mtoto kuzaliwa, vifo kwa damu vilipungua kwa karibu theluthi moja. Yaani mahali ambapo wangekufa watatu kwa damu, walikufa wawili hivi. Lakini ilipotolewa baada ya saa tatu kupita, haikusaidia.

Msomaji, tafakari neno hilo. Dawa ile ile, sindano ile ile. Ikiwahi, inaokoa. Ikichelewa, haifai kitu. Kwa hiyo mtu anayemfikisha mama mapema naye ni sehemu ya tiba.

MAMA MWENYE UPUNGUFU WA DAMU

Kuna mama anayeingia katika uchungu akiwa na damu pungufu tayari. Mwenye debe la maji akimwaga kopo moja, hasikii. Mwenye makopo mawili tu akimwaga moja, amepoteza nusu. Ndivyo ilivyo kwa mama mwenye upungufu wa damu. Hata damu kidogo ikitoka yeye hudhoofika upesi.

Watafiti walijiuliza: Je, tukiwapa akina mama hawa dawa ya kuzuia damu mapema, kabla damu haijazidi, tutawakinga? Utafiti ulifanyika Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistani, kwa akina mama zaidi ya 15,000 wenye upungufu wa damu. Jibu lilitoka mwaka 2023. Hapana. Dawa hiyo haikuzuia damu nyingi isitoke kwa akina mama hao. Pia ilionekana kwamba wenye upungufu mkubwa zaidi wa damu ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Basi hakuna njia ya mkato. Damu ya mama iongezwe wakati wa mimba, si siku ya uchungu. Mama aanze kliniki mapema, mara anapojua kwamba ana mimba. Apimwe damu. Ameze kila siku vidonge vya kuongeza damu anavyopewa. Vidonge hivyo hufanya choo kuwa cheusi, na wengine husikia kichefuchefu. Hilo lisimtishe. Aendelee, na amweleze muuguzi.

Chakula nacho kisaidie. Hapa kwetu tuna kunde na majani yake, mlenda, mchicha, karanga, mtama na uwele. Nyama, maini, dagaa na samaki ni bora sana kwa damu. Ubuyu na matunda yenye ukali husaidia mwili kupokea madini yanayojenga damu. Chai huzuia madini hayo, kwa hiyo isinywewe pamoja na chakula. Na mama mjamzito asiwe wa mwisho kupakuliwa. Asile makombo.

KUCHELEWA KWA NAMNA TATU

Wataalamu waliochunguza vifo vya akina mama wamegundua kwamba kuchelewa ni kwa namna tatu.

Kwanza ni kuchelewa kuamua. Watu nyumbani hawajui kwamba hii ni hatari, au wanamngoja mume arudi kutoka machungani au mnadani.

Pili ni kuchelewa kufika. Hakuna chombo cha kusafiria, njia ni mbaya, korongo limejaa.

Tatu ni kuchelewa kutibiwa baada ya kufika. Dawa haipo, au damu ya kumwongezea haipo, au hakuna aliyetambua hatari.

Mfuko wenye mistari unapunguza kuchelewa kwa tatu. Lakini kuchelewa kwa kwanza na kwa pili kuko mikononi mwetu kijijini.

Hapa mkoani kwetu, katika wilaya ya Mpwapwa, watafiti waliwauliza akina mama waliokwisha kujifungua kuhusu maandalizi yao. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012. Wengi walikuwa wamepanga mahali pa kujifungulia. Lakini wachache tu waliweza kutaja dalili tatu za hatari au zaidi. Yaani watu walijua pa kwenda, lakini wengi hawakujua vizuri ni wakati gani waende mbio.

Hata hivyo kazi imefanyika. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016, vifo vya akina mama nchini vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 vilikadiriwa kuwa 104. Katika uchunguzi huo wa 2022, watoto 81 kati ya kila 100 walizaliwa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali. Waliobaki 19 walizaliwa nje ya mahali hapo. Wengi wa hao ni wa vijijini.

NAMBA 115

Mwezi wa nne mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Dodoma mpango wa kusafirisha akina mama na watoto wachanga katika nchi nzima. Mpango huo unaitwa m-mama. Mtu hupiga simu namba 115. Simu ni bure. Anayepokea huuliza hali ya mgonjwa na mahali alipo, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Gari hilo likiwa mbali, huitwa dereva wa karibu aliyeandikishwa katika mpango huo. Mgonjwa halipi nauli.

Andika namba 115 kwa mkaa au chokaa mlangoni kwako. Mfundishe kila mtu wa nyumbani, hata mtoto wa shule. Wewe uliyejifunza kusoma, wasomee wasiojua.

Simu pekee haitoshi. Gari haliruki korongo. Kwa hiyo familia na kijiji wajiandae hivi:

1. Mama ahudhurie kliniki, na baba aende naye. Wote wawili wajue dalili za hatari.

2. Waamue mapema mahali pa kujifungulia penye mkunga aliyesomea. Wauguzi wakisema hospitali, iwe hospitali.

3. Kama mimba inatimia wakati wa masika na nyumba iko ng'ambo ya korongo, mama ahamie mapema kwa ndugu aliye karibu na kituo, au katika nyumba ya kungojea uzazi kama ipo. Majuma mawili au matatu kabla ya siku yake si mapema mno.

4. Waweke akiba kidogo kidogo. Kuku mmoja au debe la mtama litengwe kwa kazi hiyo.

5. Wachague watu wawili wenye afya, wenye umri wa miaka 18 au zaidi, walio tayari kutoa damu ikihitajika.

6. Ijulikane nani ataamua kama baba hayupo. Mama mkwe au jirani apewe ruhusa hiyo mapema. Asiwepo mtu wa kusema, "Tumngoje mwenyewe."

7. Serikali ya kijiji ijue wajawazito wake na ichague vijana wa kubeba machela kufika mahali gari linapoweza kufika.

Wakunga wa jadi nao wana kazi. Wao ndio wanaoaminiwa na ndio wanaoitwa kwanza. Mkunga wa jadi amsindikize mama kituoni. Akifanya hivyo heshima yake haipungui. Inaongezeka.

DAMU IKITOKA NYUMBANI

Ikitokea mama amejifungua ghafla nyumbani au njiani na damu inatoka nyingi, piga simu 115 mara moja. Halafu, wakati mkisubiri au mkisafiri, fanyeni haya:

Mlazeni mama chali na kumfunika asipate baridi. Mtoto anyonyeshwe, kwa sababu kunyonya hukaza mji wa mimba. Mama akojoe, kwa sababu kibofu kilichojaa huzuia mji wa mimba kukaza. Kama kondo limekwisha kutoka, sugueni tumbo chini ya kitovu kwa mkono, kwa kuzungusha, mpaka mji wa mimba uwe mgumu.

Msivute kitovu ili kondo litoke. Msiingize mkono, kitambaa wala dawa ya miti katika njia ya uzazi. Msimnyweshe mama dawa za kienyeji. Msiseme, "Ni damu chafu." Damu inayolowesha nguo baada ya nguo si uchafu unaotoka. Ni uhai unaotoka.

Na jambo moja zaidi. Msizifue zile khanga. Zifungeni na kuzipeleka kituoni pamoja na mgonjwa. Muuguzi akiziona atajua upesi ni damu kiasi gani iliyokwisha kutoka.

Dalili nyingine za hatari ni hizi: damu kutoka wakati wa mimba, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maji kutoka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza tumboni, na uchungu kuchukua zaidi ya saa 12. Ukiona mojawapo, usingoje ya pili.

TURUDI KATIKA ILE NYUMBA

Tuseme ni mwezi wa pili tena, na mvua ni ile ile. Lakini mwaka huu mama alihamia kwa dada yake karibu na kituo cha afya tangu majuma matatu yaliyopita. Kuku wawili waliuzwa. Kaka na shemeji wamekubali kutoa damu. Usiku uchungu unaanza. Mama anafika kituoni akitembea polepole, ameshikwa mkono na bibi yule yule.

Mtoto anazaliwa. Damu inazidi. Muuguzi anatazama kipimo na kuita mwenzake. Tumbo linasuguliwa, sindano inachomwa, dripu inawekwa. Mji wa mimba unakaza. Damu inakoma.

Asubuhi mama anakunywa uji. Bibi anamfunika kwa khanga kavu. Korongo bado limejaa, na baba ameketi ng'ambo ya pili akingoja maji yapungue, ili aje amwone mkewe na mwanawe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mji wa mimba ulio laini baada ya kujifungua ni hatari?

2. Khanga mbili zilizolowa kabisa ni sawa na damu kiasi gani?

3. Kwa nini kukisia damu kwa macho hakufai?

4. Katika kijiji chako, ni kuchelewa kupi kunakotokea zaidi: kuamua, kufika, au kutibiwa? Mtafanya nini?

5. Kama mke, binti au mkwe wako angeanza kutokwa na damu usiku wa leo, nani angeamua, nani angepiga simu, na nani angembeba?